Ujumbe Ulienda Athi River, Mgonjwa Yuko Mumbuni

Somo la wiki hii si la jinsi ya kutuma pesa, wala jinsi ya kurudishiwa zile ulizotuma kwa nambari isiyo sahihi. Hayo tumeshayaeleza, na tutayaeleza tena kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mtu kubonyeza kwa haraka. Leo tuangalie simu yako inafanya kazi gani siku ambayo wewe au mtu wa nyumbani kwako ni mgonjwa.

Tulikuwa Mumbuni, hapo nje kidogo ya mji wa Machakos, kwenye duka la wakala mmoja ambaye huturuhusu tukae naye tusikilize maswali ya wateja. Saa tano asubuhi akaingia nyanya mmoja, susu kama wanavyosema Wakamba, simu ya kabambe mkononi na daftari la kliniki kwapani. Hakuja kutoa pesa. Alimuuliza wakala: "Mwanangu, hii simu yangu imeharibika? Wameniambia wametuma nambari, na mimi sioni kitu."

Simu haikuwa imeharibika. Susu huenda kliniki kila mwezi kuchukua dawa za presha na sukari. Kliniki hiyo, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imeleta mfumo mpya wa kompyuta. Mgonjwa akifika, mfumo unatuma nambari ya uthibitisho kwa simu yake, anaisoma kwa karani, kisha faili lake linafunguka. Siku ya kuandikishwa Susu alikuwa amesindikizwa na mjukuu wake. Mjukuu ndiye aliyekuwa na simu kubwa na ndiye aliyejua kujaza fomu, kwa hivyo alipoulizwa nambari ya simu akaandika ile anayoikumbuka: yake mwenyewe. Sasa mjukuu amepata kazi kiwandani Athi River, na huko simu huachwa langoni mpaka saa ya chakula. Nambari ya Susu ilitumwa mara tatu asubuhi hiyo. Mara zote tatu ililia ndani ya sanduku la askari wa lango, Athi River.

Susu alikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Alipochoka akapanda boda kurudi Mumbuni, kwa mtu anayemjua kuwa anaelewa mambo ya simu. Wakala akamwambia, "Susu, hii si ya kwetu, ni ya kliniki." Alisema kweli, lakini ukweli huo haukumpa Susu hata kidonge kimoja.

Pesa za dawa alikuwa nazo. Salio lake lilitosha kulipa na kubaki na ya nauli. Sisi watu wa malipo tumezoea kufikiri kwamba pesa zikishafika kwenye simu ya mteja, kazi imekwisha. Asubuhi ile tuliona pesa zimefika, mtandao uko, chaji iko, na bado mgonjwa amerudi nyumbani mikono mitupu.

Nambari ya simu si mtu

Anayetengeneza mfumo wa afya akiwa ofisini hufikiri kila mtu ana simu yake, laini yake, na iko mfukoni mwake saa zote. Wewe unajua kwako nyumbani kulivyo. Kuna simu inayolala kwa mama na kushinda kwa baba. Kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka kwa sababu siku ile yeye ndiye alikuwa nacho. Kuna laini iliyopotea na simu ikinunuliwa nyingine yenye nambari mpya, na hospitali haijui. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari hiyo inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Kama kliniki yako bado inayo, ujumbe kuhusu matibabu yako unasomwa na mtu usiyemjua.

Kwa hivyo tunakuomba ufanye jambo moja wiki hii, hata kama huna mgonjwa. Fikiria ni wapi umewahi kuandika nambari ya simu kwa ajili ya matibabu: kliniki ya watoto, hospitali ulikojifungulia, chama kinachowakatia bima, duka la dawa linalokukumbusha siku ya kurudi. Je, ni nambari unayoishika leo? Kama si hiyo, nenda ukaibadilishe ukiwa mzima. Kubadilisha nambari ukiwa kwenye foleni na homa ni kazi nyingine.

Na kama unamsaidia mzazi kujiandikisha, andika nambari ya mzazi. Hata kama simu yake ni ya kabambe, hata kama hajui kusoma ujumbe. Nambari atazisoma. Susu huyu hasomi Kiingereza, lakini salio lake analijua mpaka shilingi ya mwisho.

Mfumo ulio mzuri, kwa upande wake, huacha nafasi ya nambari ya pili, ya mtu wa karibu. Pia humwachia karani njia nyingine ya kumtambua mgonjwa ujumbe usipofika: kitambulisho, kadi, au kumuuliza jina na mwaka wa kuzaliwa. Mfumo wenye mlango mmoja tu ni hatari, kwa sababu mlango huo ukijifunga, anayebaki nje ni mgonjwa.

"Mambo?"

Kuna kazi moja iliyofanywa hapa Kenya ambayo tunapenda kuwasimulia wenzetu wanaotengeneza programu za simu, hasa wale wanaoamini kwamba kitu kizuri lazima kiwe na picha nyingi.

Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti wa mradi ulioitwa WelTel walifanya jaribio na watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, katika kliniki 3 za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine, kila wiki, walitumiwa na muuguzi meseji yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kama hali ni nzuri, anajibu "Sawa." Kama kuna tatizo, anajibu "Shida." Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliotumiwa meseji na kumeza dawa zao kama inavyotakiwa walikuwa asilimia 62, ilhali wale wengine walikuwa asilimia 50. Dawa hizo ukiziruka ruka virusi huzoea, kwa hivyo tofauti hiyo ni maisha ya watu.

Tazama walichofanya. Hakuna programu ya kupakua, hakuna bando, na simu yoyote inaweza. Lugha ni ile ambayo watu wanasalimiana nayo stendi ya matatu. Lakini kinachotupendeza zaidi ni kile ambacho meseji haikusema. Haikutaja ugonjwa, wala dawa, wala kliniki. Mke akishika simu ya mumewe, au mtoto akiicheza mchezo, anaona "Mambo?" Nani atashtuka kwa sababu ya mambo?

Hapa tunajirudia na sisi wenyewe, kwa sababu kwenye usiri malipo yana doa lake. Ukilipa kliniki kwa simu, ujumbe wa uthibitisho unakuja na jina la uliyemlipa. Kama kliniki imesajili jina linalotaja ugonjwa inaoutibu, basi ujumbe huo umeshatangaza nyumbani kabla hujafika. Wenye kliniki mnaosoma hapa, fikirieni jina mnalosajili kwenye nambari ya malipo. Jina la jengo au la mtaa linatosha. Na wewe mteja, una haki ya kufuta ujumbe baada ya kuchukua risiti ya kituo. Ila usiufute kabla kituo hakijathibitisha kuwa pesa zimeingia. Nambari ya muamala ndiyo ushahidi wako.

Sheria pia iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Unaweza kumuuliza karani habari zako zinaenda wapi, na unaweza kudai makosa yarekebishwe. Kuuliza si ukorofi.

Umelipa, lakini una bima?

Swali tunaloulizwa sana tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 ni hili: "Nimelipa, meseji ninayo, sasa nimemaliza?" Tulijibu hapo dukani na tunajibu tena hapa: kuna hatua zaidi ya moja, na malipo ni moja tu kati yake.

Kwanza ni kusajiliwa. Unaweza kupiga *147# hata kwa kabambe na kufuata maelekezo. Uanachama unafungwa kwenye nambari ya kitambulisho chako, na mume au mke na watoto lazima nao waingizwe kama wanaokutegemea. Baba wengi hudhani wakishajisajili nyumba nzima imeingia. Haiingii yenyewe. Mtoto aliyezaliwa baada ya wewe kusajiliwa hajulikani na mfumo mpaka umwingize.

Kusajiliwa kwenyewe kuna faida hata kabla ya kulipa mchango, na hili watu hawaambiwi vya kutosha. Huduma za msingi kwenye dispensari na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba hulipiwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi kwa kila aliyesajiliwa. Mchango unahitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa, kama kulazwa.

Halafu ndio mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Aliyejiajiri huulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, mfumo unakadiria mapato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukijibu maswali hayo, jibu ukweli na usimwachie kijana wa saiba akujibie, kwa sababu jibu la kubahatisha ndilo litakaloamua unalipa ngapi.

Baada ya kulipa, rudi kwenye *147# uangalie hali yako. Ujumbe wetu unakuambia pesa zimetoka kwako na zimefika kwa uliyemlipa. Haukuambii bima yako iko hai. Ni vitu viwili, na tungependa siku moja viwe kitu kimoja. Lakini kwa leo, viangalie vyote viwili.

Shilingi kumi kwa siku

Shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku 365, hazifiki shilingi 10 kwa siku. Mama anayeuza nyanya na sukuma wiki barabara ya Mutituni hawezi kushindwa na shilingi 10. Lakini ukimwambia alete 3,600 kwa mara moja Januari, karo ya shule ikiwa mlangoni, umemwambia asubiri mwaka mwingine. Na mchango wa aliyejiajiri uliwekwa kulipwa kwa mwaka mzima.

Hili ndilo kosa ambalo mifumo mingi hufanya, na si ya afya peke yake. Mshahara huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo aliyezoea mshahara hupanga kila kitu kwa mwezi na mwaka. Mwenye kibanda hupata leo, hukosa kesho, na soko likichangamka anapata ya siku tatu. Pesa zake zina mwendo wake. NHIF ya zamani ilimtaka aliyejiajiri alete shilingi 500 kila mwezi, na ukiruka miezi unakuta deni linakusubiri. Wengi waliacha, wakarudi kulipa siku waliyougua, na siku hiyo wakakuta wamechelewa.

Kuna waliojaribu kufuata mwendo wa pesa za watu. M-TIBA, iliyozinduliwa kwa umma mwaka 2016, ilikuwa pochi kwenye simu ambayo pesa zake zinatumika kwa matibabu tu, kwenye vituo vilivyokubaliwa. Uliweka kidogo kidogo, na mtoto wa Nairobi aliweza kumtumia mama yake pesa akijua hazitageuka mbolea. Mwaka 2025 serikali nayo ilileta Lipa SHA Pole Pole, ili mchango wa mwaka uweze kulipwa kwa vipande. Ukiitumia, soma vizuri kabla ya kukubali, kwa sababu ni mkopo: bima inalipiwa mbele, na wewe unarudisha.

Kama hutaki mkopo, kuna njia ya kienyeji ambayo wateja wetu wa Mumbuni walitufundisha wao. Chama cha akina mama huweka shilingi 100 za ziada kila wiki kwenye akiba ya kundi, na kila mwezi wanamalizia bima ya watu wawili au watatu kwa zamu. Mhazini analipa mbele ya wote na kusoma ujumbe wa uthibitisho kwa sauti. Hakuna mhandisi aliyebuni hilo.

Matibabu huanza na nauli

Tukiongea juu ya pesa na afya, watu hufikiria bili. Lakini muulize mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku. Shida yake ya kwanza ni boda au teksi.

Wenzetu wa Tanzania walilitambua hili mapema. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula, ule ugonjwa wa mwanamke kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Matibabu yalikuwepo, lakini wanawake wa mikoani hawakuwa na nauli ya kufika. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-PESA kwa balozi wa kijijini, ambaye anamkatia mgonjwa tikiti na kumpandisha basi. Mgonjwa hahitaji hata kuwa na simu.

Baadaye ukaja mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Mama mjamzito au mzazi mwenye dharura anapiga 115 bila malipo. Kituo kinatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, kinampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa. Dereva akimfikisha mama hospitali na mhudumu akathibitisha, analipwa kwa simu hapo hapo. Mama hatoi kitu. Kwetu sisi tulio kwenye biashara hii, huo ni mfano wa pesa za simu kukaa mahali pake: hazionekani, hakuna anayezizungumzia, na gari linaondoka.

Kwa sasa, kama una mjamzito nyumbani, patana na boda au teksi wawili mapema, sio mmoja. Weka nambari zao kwenye simu zote za nyumbani, na tenga nauli ya usiku mahali ambapo haiguswi. Usiku bei hupanda na mawakala wamefunga, kwa hivyo hakikisha dereva anapokea malipo kwa simu.

Mtandao ukikatika

Mwezi Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, wale mnaowaita CHP. Ndani ya begi mlikuwa na mashine ya presha, ya sukari, na simu yenye programu ya kuandikia habari za kaya. Programu hiyo imejengwa juu ya kazi ya shirika la Medic, na sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi bila mtandao. Mhudumu anaandika akiwa bondeni ambako hakuna mtandao, na akipanda kilimani habari zinajituma zenyewe. Aliyeitengeneza alianza kwa kukubali kwamba mtandao utakatika. Akaijenga hivyo tangu mwanzo.

Tanzania nako, mwaka 2009, mpango wa SMS for Life uliwauliza wahudumu wa vituo 129, kwenye wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, swali moja kila wiki: dawa za malaria zimebaki ngapi? Walijibu kwa meseji ya bure, kwa simu zao wenyewe, na waliojibu kwa wakati walipewa muda wa maongezi. Mwanzoni vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Baada ya wiki 21 vilikuwa asilimia 26. Zingatia huo muda wa maongezi. Mtu akifanya kazi ya kujaza data yako, mlipe, hata kama ni kidogo. CHP wa kwenu naye anaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho ikichelewa, programu iwe nzuri namna gani, kuna siku nyumba yako haitatembelewa.

"Tumeandikwa tena?"

Mzee mmoja pale dukani alituuliza kwa nini kila baada ya miaka michache kuna mtu anakuja kuwaandika. Ana haki ya kuuliza. Machakos ilikuwa kati ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo. Mpango huo ulizinduliwa Desemba 2018, kaya zikaandikishwa, na matibabu yakawa bure kwenye hospitali za kaunti. Majaribio yakaisha. Katikati ya hayo mwaka 2019 ikaja Huduma Namba, ambayo haikuwa ya afya lakini foleni ilikuwa ile ile. Kisha SHA, na NHIF ikaachwa nyuma. Kila mara jina lile lile, watoto wale wale, kitambulisho kile kile.

Uganda walifika mahali wakachoka. Januari 2012 Wizara ya Afya yao ilisimamisha miradi mipya ya afya kwa simu na kompyuta mpaka iwe na utaratibu, kwa sababu miradi ya majaribio ilikuwa mingi na kila mmoja uliongea lugha yake. Sisi tunaona walifanya vyema. Mfumo unaoheshimu watu huanza kwa kuuliza: ni nani ameshawaandika, na tutasomaje alichoandika?

Hadi siku hiyo ifike, jihifadhi mwenyewe. Daftari la kliniki usilitupe kwa sababu umeambiwa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Piga picha kurasa zake kama una simu ya kamera. Andika nyuma yake, kwa kalamu, nambari ya kitambulisho na majina ya dawa unazotumia.

Anayepiga simu akilia

Kabla hatujamaliza, hili la matapeli. Wanajua kwamba ugonjwa hufanya mtu asifikiri. Simu inaingia: "Mimi ni mwalimu, mtoto wako ameanguka, tuko hospitali, tuma elfu nane za operesheni sasa hivi." Nyuma kuna kelele kama za wadi. Moyo unaruka, kidole kiko kwenye menyu.

Kata simu. Piga wewe mwenyewe kwa shule, au kwa mtoto, kwa nambari unayoijua. Hospitali hulipwa kwa nambari yake ya malipo iliyobandikwa ukutani, sio kwa simu ya mtu. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalojitokeza. Kama ni jina la mtu binafsi, acha. Na nambari yako ya siri haiulizwi na daktari, wala CHP, wala afisa wa bima, wala sisi. Anayesajili bima haihitaji. Wakala akikusaidia kupiga *147#, mpe simu, lakini ikifika mahali pa nambari ya siri ya pesa, chukua simu yako uiandike mwenyewe.

Susu, sasa. Mchana ule mjukuu alitoka kula, akaona ujumbe mitatu, akapiga. Lakini nambari za uthibitisho zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Kesho yake Susu alirudi kliniki kuomba nambari ibadilishwe, na mfumo ukasema kwamba ili kubadilisha, utatuma nambari ya uthibitisho kwa ile simu ya zamani. Karani mwenyewe alicheka, kisha akaona aibu. Alimpa dawa za siku chache kwa kuandika kwenye daftari, kwa mkono, na Jumamosi mjukuu akaja nyumbani na simu yake, wakaenda pamoja.

Tulipopita tena Mumbuni wakala alituambia kwamba sasa ujumbe unaingia kwa Susu mwenyewe. Umeandikwa kwa Kiingereza, mistari minne, na nambari imefichwa mstari wa tatu. Susu anairuka yote, anatafuta tarakimu sita, anamsomea karani moja moja kwa Kikamba.